Kariakoo: Jina la Kikosi Kabla ya Soko

Jina la Kariakoo halikuzaliwa Dar es Salaam. Lilizaliwa Nairobi, katika majuma ya kwanza ya Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914, na kabla halijawa jina la soko, la mtaa na la kituo cha mabasi lilikuwa jina la kikosi. Waingereza waliokiunda walikiita Carrier Corps, kikosi cha wabebaji. Neno la pili huandikwa kwa herufi tano, lakini mbili za mwisho hazitamkwi kabisa. Watu waliopangwa mstari na kuhesabiwa kila alfajiri kambini hawakuliona limeandikwa. Walilisikia tu, wakalichukua kama lilivyofika masikioni. Nairobi likawa Kariokor, na hivyo ndivyo linavyoandikwa hadi leo kwenye soko na mtaa wa jina hilo upande wa Ziwani na Pumwani. Dar es Salaam likawa Kariakoo.

Kwa maofisa waliolitunga, jina hilo lilikuwa na maana moja. Kwa watu waliolibeba vichwani lilikuwa na nyingine. Tofauti hiyo ilikuja kuamua nani alipwe, nani azikwe na nani aandikwe jina, ndiyo maana inafaa kuifuata tangu mwanzo.

Upagazi wenyewe ulikuwa kazi ya zamani na yenye heshima zake. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilitegemea wapagazi wa kulipwa, na Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajawahi kufika pwani alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Mzigo wa kilo 30 au zaidi ulikaa juu ya ngata, kirongozi akatangulia mbele, ngoma ikapigwa. Na wapagazi hao walikuwa na kauli. Walikubaliana ujira kabla ya kuondoka, walijua mzigo halali ni upi, walijua posho ya siku ni kiasi gani, na posho ikipunjwa waliweza kutua mizigo njiani na kukataa kuinuka mpaka jambo lizungumzwe. Wazungu wengi waliosafiri bara waliandika kwa hasira juu ya migomo hiyo. Mimi naisoma kama ushahidi wa watu waliojua thamani ya kazi yao.

Reli ndiyo iliyoanza kuiua kazi hiyo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kati ya Wajerumani ikafika Kigoma mapema mwaka 1914. Miezi michache baadaye vita vikaanza, na upagazi ukafufuliwa kwa kipimo ambacho hakijawahi kuonekana. Kilichofufuliwa kilikuwa mzigo. Ile haki ya kuutua na kudai posho haikurudi.

Kwa nini majeshi ya karne ya 20, yenye bunduki za mtombo, malori na hata ndege, yalihitaji vichwa vya watu? Jibu la kwanza ni ndorobo. Jenerali Jan Smuts alipochukua uongozi wa majeshi ya Waingereza mwezi Februari 1916 alikuja na wapanda farasi wa Afrika Kusini, akitarajia kumzunguka kwa kasi Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa maelfu kwa maelfu mara tu walipoingia kwenye mapori ya mbung'o. Jibu la pili ni mvua. Njia ambazo malori yalipita Januari ziligeuka tope Machi. Ukiachana na reli mbili, hakukuwa na namna ya kumfikishia askari unga na risasi isipokuwa juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Hesabu yake ni ya kikatili, na ni vizuri tuifanye polepole. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo 1 kwa siku. Askari wako umbali wa siku 10. Kwenda anakula kilo 10, kurudi anakula kilo 10 nyingine. Zinazobaki kwa askari ni kilo 5. Majeshi yakisonga siku mbili mbele zaidi, inabaki kilo 1 tu. Kwa hiyo kila mara adui aliporudi nyuma, na kurudi nyuma ndiyo ilikuwa mbinu ya Lettow-Vorbeck, idadi ya wapagazi waliohitajika iliongezeka kwa kasi kuliko umbali wenyewe. Makamanda walikuwa na njia mbili za kuituliza hesabu hiyo: kuongeza watu, au kupunguza wanachokula. Walifanya yote mawili.

Aliyepewa kuunda kikosi Nairobi ni Oscar Ferris Watkins, ofisa wa utawala aliyekijua Kiswahili vizuri. Rekodi zinamwonyesha kuwa mtu aliyebishana na wakubwa wake tena na tena juu ya chakula, mablanketi na hospitali za wapagazi, na mara nyingi akashindwa. Mwanzoni watu walijiandikisha kwa hiari, wengine wakiwa wapagazi wazoefu. Hiari iliisha upesi. Mwaka 1915 serikali ya himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, ilipitisha sheria ya kuwalazimisha Waafrika kujiunga. Angalia jina ambalo sheria hiyo iliwapa: si askari, si hata wabebaji, bali wafuasi wa jeshi. Ujira ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na 6 kwa aliyefikisha miezi mitatu.

Hapo ndipo penye kiini cha jina hili. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kikosi hapa ni neno la kijeshi lenye fahari, linatumika kwa wanamaji na wahandisi wa kivita. Mpagazi aliwekwa chini ya sheria ya kijeshi, na akitoroka aliadhibiwa. Ila ulipofika wakati wa kugawa posho, dawa, mshahara na kaburi, aligeuka mfuasi tu. Jina lilimpa nidhamu ya askari na kumnyima stahili zake.

Mwaka 1917 ndio mwaka ambao wazee wa Kenya ya kati na ya magharibi waliukumbuka kwa miongo mingi. Smuts alikuwa ameondoka Januari kwenda London, akiwa ametangaza kwamba kampeni imekaribia kwisha. Haikuwa hivyo. Majeshi yalikuwa yamekwama kusini mwa mto Rufiji, na wapagazi walikuwa wanakufa kwa kasi kuliko walivyoweza kuletwa. Serikali ikamteua John Ainsworth kusimamia ukusanyaji wa watu, na amri ikashuka kwa wakuu wa wilaya, kutoka kwao kwa machifu, kutoka kwa machifu kwa wapambe wao. Wanaume walikamatwa usiku majumbani. Wengine walikimbilia misituni. Waliopatikana walipimwa haraka, wakapewa blanketi na kibati chenye namba, wakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Mombasa, na kutoka Mombasa kwa meli hadi Dar es Salaam, Kilwa au Lindi.

Mengi yameandikwa juu ya mapigano ya kampeni hii: Tanga mwaka 1914, Mahiwa Oktoba 1917. Lakini wapagazi wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo, mapafu na homa, na sehemu kubwa ya habari hiyo inaanzia kwenye sufuria.

Posho ya kawaida ilikuwa unga wa mahindi. Mahindi yaliyosagwa vibaya, yenye chembe nene na maganda, yanataka moto mwingi na muda mrefu. Sasa mwangalie mtu aliyefika kambini magharibi baada ya kutwa nzima chini ya mzigo. Mvua inanyesha. Kuni zimelowa. Sufuria ni moja kwa watu wengi, maji yametoka kwenye dimbwi lile lile walilovuka, na kesho alfajiri nyapara atapiga filimbi. Hawezi kungoja. Anaukoroga unga ule katika maji ya uvuguvugu na kuumeza ukiwa mbichi nusu. Baada ya siku kadhaa zile chembe zinakwangua utumbo, kuhara kunaanza, kisha kuhara damu. Aliyezoea wali, ndizi au mtama alidhurika mapema zaidi, kwa sababu tumbo lake halikuwahi kukutana na chakula kile. Na anayeharisha haponi kwa kula kile kile kinachomharisha. Madaktari wa jeshi walilijua jambo hili na waliliandika. Mwaka 1918 uchunguzi wa Daktari-Jenerali Pike ulikosoa vikali namna wapagazi walivyolishwa na kutibiwa. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Huko Rufiji, mvua za mwanzo wa 1917 ziligeuza bonde kuwa ziwa. Watu wa nyanda za juu, waliozoea baridi kavu na hewa isiyo na mbu, walitembea majini hadi kiunoni wakiwa na masanduku ya risasi vichwani, wakalala kwenye tope. Malaria na nimonia ziliwamaliza kwa makundi. Wagonjwa walibebwa kwa machela na wapagazi wengine, ambao nao walikuwa wagonjwa watarajiwa, na kila machela iliyorudi nyuma ilimaanisha vichwa pungufu vya kupeleka chakula mbele.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba vifo hivyo havikuwa lazima. Mwaka 1917 daktari wa misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, John William Arthur, aliongoza kikosi cha wapagazi wa kujitolea kutoka misheni mbalimbali, zaidi ya watu 1,500. Waliishi kwa makundi ya watu wanaofahamiana, chini ya wasimamizi waliojua lugha zao na kusimamia upishi wao. Vifo vyao vilikuwa vichache sana kwa kulinganisha. Tope lilikuwa lile lile, na unga ule ule. Kilichotofautiana ni kwamba kuna mtu aliyehakikisha umeiva.

Upande wa Wajerumani haukuwa na huruma zaidi. Lettow-Vorbeck amesifiwa katika vitabu vingi vya Ulaya kwa kupigana miaka minne bila kushindwa vitani, lakini aliweza kufanya hivyo kwa kula mashamba ya watu na kuchukua wanaume na wanawake wa kubeba, mara nyingi bila malipo yoyote. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita na yote yalichukua nafaka, ng'ombe na watu, kulifuata njaa kati ya 1917 na 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Upande wa magharibi, majeshi ya Wabelgiji yaliyoingia Tabora mwezi Septemba 1916 yalitegemea malaki ya wapagazi kutoka Kongo. Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia, kazi hiyo iliitwa tengatenga, na jina hilo bado linatajwa kwa uchungu. Hata visiwa vya Shelisheli vilipeleka wanaume wapatao 800, na zaidi ya robo yao walikufa katika miezi michache tu.

Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku vilikwisha tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Homa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka huo ilikuwa imeshaingia kambini, na iliwafuata wapagazi hadi vijijini. Kwa jumla Waingereza walikuwa wametumia wapagazi wanaokaribia milioni 1 katika kampeni hii, wengi wao kutoka nchi ambazo leo ni Kenya na Tanzania. Rekodi rasmi zilikiri vifo zaidi ya 40,000. Geoffrey Hodges, mwanahistoria aliyekifanyia kikosi hiki utafiti wa miaka mingi, alifikia hesabu ya karibu 100,000. Hao ni wa upande wa Waingereza peke yake.

Ndipo jina likapata makazi. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja palikuwa na eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulitenga kwa makazi ya Waafrika, na jengo la soko walilolisimamisha kabla ya vita. Wapagazi wakawekwa hapo, ndani ya jengo na kwenye mabanda kulizunguka. Mji ukaanza kupaita mahali kwa jina la watu wake. Vita vilipokwisha kambi iliondoka, jengo likarudi kuwa soko, viwanja vikapimwa kwa mistari iliyonyooka na mitaa ikapewa majina: Msimbazi, Kongo, Swahili, Nyamwezi, Sikukuu. Hakuna gavana aliyeagiza paitwe Kariakoo. Ni wakazi waliolibakiza jina, na soko la sasa, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 wakati wa Mwalimu Nyerere, lililikuta likiwa limekwisha ota mizizi. Soko lilipoungua Julai 2021, nchi nzima ililia na Kariakoo. Ni wachache waliokumbuka kwamba majonzi ya mahali pale ni ya zamani zaidi.

Nairobi mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo. Kambi ikawa mtaa, mtaa ukapata soko. Lakini kule kikosi kiliacha pia kitu kingine. Utaratibu wa kumpa kila mwanamume Mwafrika namba na karatasi, uliopitishwa kisheria mwaka 1915 na kusogezwa kando kwa sababu ya vita, ulianza kutekelezwa mara baada ya vita. Huo ndio mfumo wa kipande. Serikali ilikuwa imejifunza namna ya kuwahesabu, kuwafuatilia na kuwarudisha kazini watu kwa maelfu, na haikutaka kuusahau ujuzi huo. Mwanaharakati Harry Thuku alipoinuka mwaka 1921 kupinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, wengi wa waliomsikiliza walikuwa wanaume waliorudi kutoka Kariakoo, au ndugu za wale ambao hawakurudi.

Ilibaki mishahara. Maelfu ya wapagazi walikufa wakidai rupia zao, na ndugu zao hawakutafutwa au hawakupatikana. Watkins na wenzake walisisitiza kwamba kama fedha hizo haziwezi kufika kwa familia, basi zitumike kwa manufaa ya jamii zilizotoa watu hao. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka. London ilikataa. Hoja zake zilikuwa za kihasibu, na sijaona hata moja inayoweza kusimama mbele ya mjane.

Badala ya fedha zilikuja sanamu. Dar es Salaam ilipata ya kwake mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson: askari mmoja wa shaba, bunduki yenye singe mkononi. Maandishi yake yanawataja wabebaji kama miguu na mikono ya jeshi, lakini juu ya jiwe hakuna mbebaji. Nairobi, mwaka 1928, ilitenda haki kidogo. Pale kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kote kuwili hakuna jina hata moja la mtu.

Hilo halikutokea kwa kupitiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, tume ya kifalme ya makaburi ya vita ilipouliza wafanye nini na makaburi ya wapagazi, Gavana Horace Byatt wa Tanganyika aliona kwamba makaburi makubwa ya kikosi hicho, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Tume ikakubali. Wazungu walipewa jiwe kila mmoja na jina lake. Wapagazi walipewa sanamu za jumla. Ile tofauti iliyofichwa ndani ya jina la kikosi tangu 1914, kwamba hawa ni wa jeshi lakini si askari, ilifikishwa hadi kaburini.

Ilichukua karibu miaka 100 kwa jambo hilo kusemwa wazi. Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita ile, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tume ikaanza kutafuta majina katika nyaraka zilizobaki Kenya: orodha za malipo, daftari za wilaya, namba za vibati. Mji mmoja ambao Byatt alitaka makaburi yake yaachwe ni Dar es Salaam, na huko pia majina yana haki ya kutafutwa: kwenye nyaraka, kwenye kumbukumbu za misheni, na kwa familia za Unyamwezi, Ugogo, Uzaramo na Songea ambazo bado zinasimulia juu ya babu aliyechukuliwa kwenda Kariakoo, wakati Kariakoo haikuwa bado mahali pa kununua kitu.